Kiapo cha Jicho

Muuguzi aliyemfungua Bi Mwanakombo bandeji alikuwa na uso wa maiti.

Si kwamba alikuwa na sura mbaya. Pua ilikaa mahali pake, meno yalipangika, na macho yalicheka kabla ya mdomo. Ila ngozi yake ilikuwa ya majivu yaliyochanganywa na zambarau kidogo, kama jiko lililozimika tangu jana. Bi Mwanakombo alifunzwa adabu kwa bakora, na katika miaka sitini na sita ya umri wake hakuwa mtu wa kusema uso wa mwenziwe. Siku hiyo alishindwa.

"Mwanangu, unaumwa?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Bibi jamani! Hii si mbalamwezi yako? Nimepitia Mikono ya sokoni alfajiri, nikasema leo namfungua macho mwenyewe fundi, nisiende na uso mtupu."

Mfagiaji akapita mlangoni, naye majivu. Daktari aliyekuja kumulika mboni, mwanamama wa heshima zake, naye majivu mpaka shingoni. Alipokwisha kumulika akasema macho yote mawili yamepona vizuri, na kwamba mtoto wa jicho aliyemtoa si wa juzi wala jana.

"Alikuwa na miaka ishirini na ushee humo ndani," daktari alisema. "Mtoto mwenyewe keshaota ndevu. Ulikuwa unaona vipi, Bibi?"

"Nikiona vizuri tu," alijibu Bi Mwanakombo, na hakuwa anadanganya.

Alirudi nyumbani Ngamiani akiwa ameinamisha kichwa. Wapo watu wanaorudishiwa macho wakashukuru kwa sijida. Yeye alijikuta amechoka, uchovu wa mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa nyumba imeungua na kiberiti kilikuwa chake. Alikaa kwenye kiti cha wateja akautazama ukuta wa saluni yake, ambao miaka yote aliujua kuwa wa rangi ya samli. Ulikuwa mweupe.

*

Ili mtu aelewe kilichomvunja, sharti ajue habari ya Mikono.

Miaka kumi na minane nyuma, Bi Mwanakombo alikuwa mpambaji ambaye maharusi wa Tanga nzima walimpangia foleni tangu siku ya posa. Kampuni iitwayo Nurisha ikamfuata. Walikuwa wametengeneza mashine ya kupamba: mikono miwili myembamba inayoning'inia juu ya kiti, na kamera zinazopambanua rangi kuliko tai. Mashine ilijua kila kitu isipokuwa jambo moja. Haikujua lini uso umependeza. Ilijua kupaka, haikujua kuacha.

Basi wakamvisha Bi Mwanakombo utepe kichwani siku arobaini, akapamba kama kawaida yake, na utepe ukanakili kila mahali jicho lake lilipotua, likasita, likaridhika. Hapa bado. Hapa ongeza. Hapa tosha. Hiyo "tosha" ndiyo waliyoitaka. Wakaichukua wakaipandikiza katika Mikono yote ya pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, na baadaye bara.

Hakuna aliyejua kwamba tosha hiyo ilikuwa imepita katika kioo kichafu. Mtoto wa jicho huja polepole, hupaka dunia rangi ya chai, na mwenye jicho hana habari kwa kuwa kila kitu kimebadilika pamoja. Bi Mwanakombo aliona nyuso za wanawake zimefifia, za manjano, kama zimepitiwa na moshi. Kwa huruma akazisafisha. Aliongeza poda nyeupe, akaongeza na ile ya zambarau inayoua manjano, mpaka zikang'aa machoni pake. Wanawake nao wakajitazama, wakaona ajabu. Lakini nani wa kumbishia Bi Mwanakombo? Wakasema ndiyo mtindo mpya, wakaupa jina la mbalamwezi, na Mikono ikaueneza. Msichana aliyezaliwa mwaka ule hakuwahi kumwona mama yake akienda harusini na rangi nyingine.

Sasa, kwa kuwa jicho lilikuwa limenakiliwa kwa mtu hai, sheria ilitaka kila baada ya miaka sita mwenye jicho aape kwa sauti yake mwenyewe kwamba jicho ni lake na bado anaona vile. Asipoapa, Mikono husimama. Mara mbili alikwisha kuapa bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi. Kiapo cha tatu kiliangukia Jumamosi hii, kabla ya saa sita mchana.

Na Jumamosi hiyohiyo Nuria binti Shekue alikuwa anaolewa.

*

Nuria alifika asubuhi na somo yake, mwanamke mnene mchangamfu aliyemfunda na kukesha naye wiki nzima kwenye ngoma za ndani na sauti imemkauka. Somo alimkalisha mwari kwenye kiti, akamfunika kanga mpya mabegani, akasema anakwenda kufuata asumini kwa mshonaji na atarudi kabla ya adhuhuri.

"Nakuachia yai hili, Bi Mwanakombo," alisema. "Ukilivunja, mama yake atakula nyama yangu mbichi."

Nuria alitaka apambwe kwa mkono wa mtu. Marafiki zake wote walipambwa na Mikono, naye alikuwa ameomba mwaka mzima apambwe na aliyeifundisha Mikono. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alisomea mambo ya visima, na alikuja kupambwa akiwa amekwisha kujipaka.

"Kanawe kwanza, mama," Bi Mwanakombo alimwambia.

Msichana akasita. "Bibi, unaweza kugeuka?"

"Nigeuke?"

"Nikitoka huko bafuni. Mpaka utakapokuwa tayari na poda. Hajaniona mtu hivi tangu nina miaka tisa. Hata mama hubisha hodi kwanza."

Alisema bila uchungu, kama mtu anavyosema mimi sili pweza. Bi Mwanakombo akageukia ukuta. Aliposikia kiti kimelia alizunguka. Alikuwa ameshapamba maelfu ya wanawake, na ilikuwa kama hajawahi kuona uso. Ngozi ya mtoto yule ilikuwa ya halua iliyotoka sufuriani sasa hivi, nyekundu kwa ndani, inang'aa yenyewe bila kuombwa. Kidevuni palikuwa na doa dogo jeusi ambalo mtu mwenye akili angelilipia.

Akampamba alivyomwona. Ilikuwa kazi ndogo. Wanja, mafuta kidogo, nyusi zikasawazishwa, midomo ikapewa rangi ya zambarau iliyoiva. Mikono yake ilifanya taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali hakuhisi uzito kifuani. Akamgeuza kuelekea kioo.

Nuria akajitazama. Akajitazama tena. Machozi yakaanza kuteremka kabla hajasema neno.

"Bibi," alisema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona umeniacha mchafu?"

"Nuria, huo ni uso wako."

"Najua ni uso wangu! Kwani nimekuja kwako kufuata nini?" Alichukua kitambaa mwenyewe akaanza kujisugua, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua. "Nilitaka unitengeneze. Wewe ndiye unayejua. Watu wote wanasema wewe ndiye unayejua."

Bi Mwanakombo alimshika mikono asijichubue. Alitaka kumwambia habari ya mtoto wa jicho, akakosa pa kuanzia. Utamwambiaje bi harusi, saa nne ya siku yake, kwamba uzuri anaoulilia ni ugonjwa wako? Akamfuta taratibu mpaka uso ukabaki mtupu. Ndipo mlango ukabishwa na kufunguliwa kwa pamoja.

"Hodi, Mama. Samahani, foleni ya magari imenichelewesha."

Alikuwa Mhandisi Mhina wa Nurisha na kisanduku chake cha kiapo kwapani. Nuria alipiga ukelele mdogo. Nywele zake zilikuwa wazi, zimesukwa na kupakwa mafuta, na kanga ilikuwa imemteleza mabegani. Alishika kanga kwa mikono miwili akajifunika uso.

Uso tu. Nywele na mabega na shingo vyote vikabaki nje mbele ya mwanamume wa watu.

Bi Mwanakombo alilelewa katika nyumba ambayo msichana akishtukizwa na mgeni mkono wake hukimbilia kichwani wenyewe, hata gizani, hata akiwa homani. Alimtazama Nuria aliyejificha ndani ya kanga, na aibu ikampanda tangu nyayoni. Akavua mtandio wake mwenyewe akamfunika mtoto mabega na kichwa, akabaki yeye na mvi zake.

*

Mhandisi Mhina hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyeji wa Lushoto mwenye adabu, aliyemwamkia Bi Mwanakombo kwa kuinama na kumletea matunda ya damu, yale mekundu ya milimani, kila alipotoka kwao. Aliweka kisanduku mezani, akaomba radhi kwa mwari, akasema ni dakika moja tu.

"Kabla hujakifungua," Bi Mwanakombo alisema, "nina neno. Nimetolewa mtoto wa jicho. Alikuwemo tangu mliponivisha ule utepe. Ile mbalamwezi, mwanangu, ni makosa. Nyuso zimekuwa majivu."

Alitegemea ashtuke. Mhina akavuta kigoda akaketi.

"Tunajua, Mama."

"Mnajua?"

"Tangu mwaka wa tatu. Kamera zinaona rangi. Tulikaa tukapima, tukaona jicho lako limeegemea upande mmoja."

"Mkanyamaza!"

"Hatukunyamaza. Tulirekebisha, miji miwili, wiki moja. Tukaweka rangi ya kweli." Alisugua paji la uso, naye alionekana hajalala vizuri. "Wanawake walirudi wakilia. Mmoja alinivunjia kamera kwa kiatu. Walisema tumewadhalilisha. Tukarudisha. Kipenda roho, Mama, hula nyama mbichi."

"Na hizo roho nani kazifundisha kupenda?"

Mhina alikivuta kisanduku mbele yake. Alifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na kioo kidogo cha mviringo na taa ya kijani.

"Nikueleze litakalotokea," alisema kwa upole. "Usipoapa, saa sita Mikono yote inazima, hapa mpaka Lamu. Kufundisha jicho jingine ni mwaka. Leo mji huu una harusi nyingi. Kuna wanawake wenye makovu ya moto ambao hawatoki ndani bila Mikono, nawajua kwa majina. Nyumba hii nayo ni ya kampuni, watakutoa, na mimi sina uwezo juu ya hilo. Kwa upande mwingine ni maneno machache. Hakuna atakayekuuliza. Watu wanapenda rangi hii. Anaumia nani?"

Bi Mwanakombo alikuwa amechoka. Hilo lisemwe wazi, maana watu baadaye walimsifu kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Alitaka kulala. Alitaka arudishiwe mtoto wake wa jicho, dunia iwe ya chai, ukuta uwe wa samli. Alifikiri juu ya wenye makovu, na aliona Mhina ana haki katika hilo. Akasogea mezani, akainama juu ya kile kioo, akaanza maneno aliyokwisha kuyasema mara mbili.

"Jicho hili..."

Pembeni yake kiti kililia. Nuria alikuwa anajikunja zaidi, ameikaza kanga usoni mpaka umbo la pua likachorwa kwenye kitambaa. Alikuwa anapumua kwa shida mle ndani, na hakuthubutu kufunua hata tundu la hewa, kwa sababu mtu angemwona.

Mhina alikuwa ameuliza anaumia nani.

"Jicho hili si langu," Bi Mwanakombo alisema. "Ninavyoona sivyo lionavyo."

Taa ya kijani ikazimika. Haikutoa hata mlio.

Mhina akafunga kisanduku. "Haya, Mama," alisema. Akainuka, akaaga kwa heshima ileile aliyoamkia nayo, akatoka. Hakuupiga mlango.

Saa sita ilipogonga, duka la Mikono la mtaa wa pili lilinyamaza. Ule mvumo wa mota uliokuwa umezoeleka kama mvumo wa feni ukakatika, na baadaye kidogo sauti za wanawake zikaanza, moja, tatu, kisha nyingi. Mmoja alikuwa akilia kwamba amepakwa shavu moja tu.

*

"Ameondoka?" Nuria aliuliza ndani ya kanga.

"Ameondoka."

Hakujifunua. "Nimesikia yote."

"Najua."

"Kwa hiyo mimi naona uso wangu ni mchafu kwa sababu jicho lako lilikuwa chafu."

Bi Mwanakombo alikuwa na umri wa kujua kwamba kuna maneno hayatafutiwi sukari. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyo, mama. Sikujua, lakini ni mimi. Nisamehe."

"Nitakusamehe kesho," alisema Nuria. "Leo nipake."

"Rangi gani?"

"Ileile."

"Nuria, umesikia kila kitu..."

"Nimesikia." Kanga ikateremka. Macho yalikuwa yamevimba, na uso ulikuwa mzuri hivi kwamba Bi Mwanakombo alitaka kulia. "Bibi, saa tisa nitakaa mbele ya wanawake mia tatu. Wewe umebadilishiwa macho asubuhi moja. Sisi hatujabadilishiwa. Mimi mwenyewe sijabadilishiwa! Nikijitazama kwenye kile kioo naona uchafu, hata sasa, hata baada ya kuambiwa. Unataka nikaolewe nikiwa na uso wako mpya? Ule wa zamani nao ulikuwa wako. Lini mimi nitakuwa na wangu?"

Bi Mwanakombo alikwenda kabatini akatoa kopo la poda ya zambarau ambalo tangu hospitali aliapa hatalifungua.

Alijaribu kwa kumbukumbu. Akashindwa. Mkono ulipaka mara moja tu, jicho jipya likasema tosha, likasema umezidisha, futa. Alipojilazimisha kuendelea, shavu la kushoto likatoka na mabaka kama kazi ya mwanafunzi. Mzoefu wa miaka arobaini alikuwa hajui tena kazi aliyoifundisha dunia.

Akatupa macho chumbani. Juu ya sinia la zawadi za bi harusi palikuwa na nailoni ya kufungia, ile inayolia ikiguswa, ya rangi ya asali. Akaikata kipande, akakikunja mara tatu, akakifunga usoni mwake kwa kitambaa kama fundi wa kuchomelea vyuma.

Dunia ikarudi. Ukuta ukawa wa samli. Nuria aliyekuwa halua akafifia, akawa wa manjano, amepitiwa na moshi, mtoto maskini wa kuonewa huruma. Na ile huruma ya zamani ikampanda Bi Mwanakombo kifuani ileile, safi kabisa, bila ya ubaya wowote. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Hakuwa amewachukia wale wanawake hata siku moja.

Akapaka. Nyeupe, zambarau, nyeupe. Mkono ulikumbuka njia zake zote. Alimaliza paji, mashavu, akateremka kidevuni. Kwenye lile doa jeusi akasimama, brashi ikining'inia.

"Lifute," Nuria alisema. Kisha, "Au liache. Sijui. Watalisema?"

"Watalisema."

Nuria akasogeza kidevu karibu na kioo. "Liache," alisema. "Wakisema, nitasema wewe umesahau."

"Sema hivyo."

Bi Mwanakombo akalizunguka lile doa kwa ncha ya brashi, akaliacha hapo, jeusi, upana wa punje ya ufuta. Somo alikuwa amerudi. Sauti yake iliyokauka ilisikika uani ikigombana na wanawake waliokuwa wanataka kuingia, wenye shavu moja, wenye paji tupu, waliojifunika kwa mikono na mikoba. Walikuwa wakimwita fundi kwa jina. Harufu ya asumini iliingia chini ya mlango.

Akafungua kitambaa akaondoa nailoni, apumzishe macho. Mbele yake katika kiti, ndani ya dhahabu na hariri, alikaa maiti aliyepambwa vizuri. Nuria alikuwa anajitazama kiooni, na uso wake ulikuwa umetulia. Mabega yalikuwa yameshuka. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu yake kituoni.

"Bibi, nimependeza?"

Bi Mwanakombo akamgeukia. Nuria akaiona ile sekunde moja ya jicho kusita, akainua kiganja haraka kati yao.

"La, usinitazame," alisema. "Niambie tu."

Bi Mwanakombo akafumba macho yake mapya, akamwambia.